James Naismith: mwanafunzi wa michezo aliyeiachia dunia basketi

Vijana wanaocheza basketi jioni mjini Goma, Bukavu au Lubumbashi wanajua majina ya nyota wa NBA. Wachache wanajua kwamba mchezo huo ulianza kama kazi ya darasani, katika shule ya Marekani iliyofundisha watu kuendesha michezo na burudani za vijana. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa na siku 14 tu za kuimaliza. Aliitwa James Naismith, yatima kutoka Kanada ambaye aliacha njia ya uchungaji ili asomee michezo, wakati ambapo watu wengi hawakuona kwamba michezo inaweza kuwa masomo wala kazi.

Yatima aliyeacha shule

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake, John Naismith na Margaret Young, walikuwa na asili ya Scotland. Mnamo mwaka wa 1869 familia ilihamia kisiwa cha Grand Calumet, ambako baba alikwenda kufanya kazi ya kupasua mbao.

Mwaka mmoja baadaye homa ya tifoidi iliingia nyumbani. Baba na mama walifariki wote wawili mwaka huo wa 1870. James alikuwa na umri wa karibu miaka 9. Yeye, dada yake Annie na mdogo wao Robbie walirudishwa kwa mama ya mama yao, naye akafariki muda si mrefu. Watoto wakabaki mikononi mwa mjomba wao, Peter Young, mkulima aliyeishi Bennies Corners, kijiji kilicho karibu na Almonte.

Mjomba alikuwa mtu wa kazi na mwenye sheria kali. James alijifunza mapema kukata miti, kuendesha farasi na kumaliza kazi bila kusubiri kusaidiwa. Saa za mapumziko alikutana na watoto wenzake karibu na karakana ya mhunzi wa kijiji. Hapo walicheza mchezo walioupa jina la bata juu ya jiwe. Jiwe dogo liliwekwa juu ya mwamba, mtoto mmoja akalilinda, na wengine wakatupa mawe yao ili waliangushe. Aliyetupa kwa nguvu zote alikosa mara nyingi, na jiwe lake likaenda mbali, hivyo ikambidi akimbie kulifuata kabla mlinzi hajamgusa. Aliyerusha polepole, jiwe likapanda juu na kushuka kwa upinde, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Miaka mingi baadaye, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomwokoa.

Shuleni hakuendelea vizuri. Alipofika umri wa miaka 15 hivi aliacha masomo, akaenda kufanya kazi katika kambi za wakata miti. Alipitisha huko miaka kadhaa. Kisha akabadili mawazo, akarudi shule ya sekondari akiwa kijana mkubwa kati ya watoto, na mnamo mwaka wa 1883 akaingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Alikuwa na miaka 21. Lengo lake lilikuwa moja tu: kuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri.

Kutoka mimbarini hadi uwanjani

Montreal ndipo michezo ilipomteka. Mwanzoni alikuwa mwanafunzi wa kujifungia na vitabu, hadi wenzake walipomshauri atoke chumbani na kuuzoesha mwili wake. Akaingia katika mazoezi ya viungo, kisha raga, kandanda na lakrosi. Alikuwa na mwili uliokomazwa na kazi za shamba na msitu, na haikuchukua muda akawa mmoja wa wanamichezo wanaojulikana pale McGill. Baadaye alifundisha mazoezi katika chuo hichohicho, huku akiendelea na masomo ya dini katika chuo cha Presbiteri mjini humo.

Watu wa kanisa hawakupendezwa. Kwa wengi wao, mwanafunzi wa uchungaji anayeonekana uwanjani akigongana na wengine, na Jumapili anapanda mimbarini akiwa na alama za mchezo usoni, alikuwa ameanza kupotea njia. Walimu wake walimshauri aache.

Tukio moja dogo lilimfanya aone mambo kwa namna nyingine. Katika mechi moja, mchezaji aliyekuwa karibu naye alikasirika na kutoa matusi. Mara akageuka, akamwona Naismith, akamwomba radhi. Naismith hakuwa amemkemea. Alijiuliza ni kitu gani kilimfanya kijana yule aone haya, na jibu alilopata ni kwamba mtu anayecheza kwa moyo safi anaweza kuwafundisha wenzake tabia njema bila kutoa hubiri lolote. Kuanzia hapo alianza kufikiri kwamba kuna njia nyingine ya kuwatumikia vijana, nje ya mimbari.

Alimaliza masomo ya dini mwaka wa 1890, lakini hakuchukua kanisa. Alifunga safari kwenda Springfield, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, kusomea michezo. Familia iliumia. Annie, dada yake, aliyekuwa kama mama kwake tangu msiba wa utotoni, aliona kwamba ndugu yake amegeuka nyuma baada ya kumwahidi Mungu, na inasimuliwa kwamba hata baada ya miaka mingi hakumsamehe kikamilifu.

Shule ya kuendesha michezo

Ili kuelewa uamuzi wa Naismith, ni lazima kujua shule aliyokwenda. Wakati huo viwanda vilikuwa vinavuta maelfu ya vijana kutoka vijijini kwenda mijini, Ulaya na Amerika. Walifanya kazi saa nyingi, walilala katika vyumba vya kupanga, na jioni hawakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa baa na barabara. Chama cha vijana Wakristo, YMCA, kilichoanzishwa mjini London mwaka wa 1844, kilijaribu kuwapa nyumba nyingine: maktaba, madarasa ya jioni, ibada, na baadaye kumbi za mazoezi.

Nyumba hizo zilipoongezeka, haja ya watu wa kuziongoza iliongezeka pia. Shule ya Springfield iliwaandaa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni makatibu, yaani wale watakaosimamia nyumba nzima: jengo, wanachama, michango na programu za kila siku. Wa pili ni wakurugenzi wa mazoezi, wale watakaosimamia ukumbi na afya ya wanachama. Kwa lugha ya leo, ilikuwa mojawapo ya shule za kwanza za usimamizi wa michezo na burudani.

Mkuu wa kitengo cha mazoezi alikuwa Luther Halsey Gulick, daktari kijana, mdogo kuliko Naismith kwa umri. Gulick aliamini kwamba mwili, akili na roho ni pande tatu za mtu mmoja, na kwamba anayefundisha michezo anapaswa kuzijua zote tatu. Kwa hiyo wanafunzi hawakuishia kuruka na kubeba vyuma. Walisoma pia jinsi mwili unavyofanya kazi, saikolojia na Biblia.

Naismith hakuwa peke yake katika kuacha uchungaji. Alimkuta pale Amos Alonzo Stagg, nyota wa zamani wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye naye alikuwa amesomea dini kabla ya kuchagua viwanja. Stagg aliunda ekipe ya futiboli ya Kimarekani ya shule na kumweka Naismith katikati ya safu ya mbele, ingawa hakuwa mtu mrefu wala mzito. Baada ya mwaka mmoja wa masomo, Naismith alibakishwa shuleni kama mwalimu.

Siku 14

Mwaka wa 1891, majira ya baridi yalipoanza, shule ilikuwa na tatizo. Futiboli ilikuwa imekwisha, besiboli ilikuwa ingali mbali, na nje theluji ilikuwa inakaribia kufunika viwanja. Kwa miezi kadhaa wanafunzi walilazimika kufanya mazoezi ndani ya ukumbi: kupanga mistari, kunyosha mikono, kupanda vyuma, kurudia mwendo uleule kwa amri ya mwalimu.

Darasa moja liligoma kimoyomoyo. Lilikuwa darasa la wanafunzi 18 waliosomea ukatibu. Hawa hawakuwa watoto, bali watu wazima wanaojiandaa kuongoza nyumba za YMCA, na hawakuona faida yoyote katika mazoezi yale. Walimu wawili walijaribu kuwaongoza, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walishindwa.

Katika mkutano wa walimu, Naismith alisema kwamba kosa si la wanafunzi bali la mfumo. Wanafunzi hawa, kwa maoni yake, walihitaji mchezo wenye mashindano na furaha, si mazoezi ya kujenga misuli. Gulick alimsikiliza, kisha akamkabidhi darasa lenyewe. Akampa siku 14 za kutafuta mchezo ambao unaweza kuchezwa ndani ya ukumbi, usiowaumiza watu, na unaowapa wote nafasi ya kushiriki.

Siku za kwanza zilikuwa za aibu. Naismith alichukua futiboli na kujaribu kuipunguza nguvu. Wanafunzi walichoka nayo haraka. Akajaribu kandanda ndani ya ukumbi. Madirisha na miguu vilikuwa hatarini. Akajaribu lakrosi, fimbo ziligonga watu usoni na mikononi. Muda uliopangwa ulikuwa unakwisha, na darasa lilikuwa halijabadilika.

Ndipo alipoacha kurekebisha michezo ya zamani na kuanza kujiuliza maswali. Michezo karibu yote mikubwa hutumia mpira. Mpira mkubwa na mwepesi ni rahisi kuushika na hauhitaji fimbo. Kwa nini wachezaji wanagongana katika futiboli? Kwa sababu mtu anakimbia na mpira na wengine wanapaswa kumwangusha. Basi, mwenye mpira asiruhusiwe kukimbia nao. Lazima aurushe kutoka pale aliposimama. Hapo sababu ya kumwangusha mtu ikaondoka.

Likabaki swali la goli. Goli la kawaida, lililosimama wima, linamfanya mchezaji aupige mpira kwa nguvu zote. Hapo kumbukumbu ya Bennies Corners ikarudi: jiwe lililorushwa polepole, likapanda na kushuka kwa upinde. Kama goli litalazwa, mdomo ukitazama juu, na kuwekwa juu ya vichwa vya walinzi, nguvu haitasaidia kitu. Itabidi kulenga.

Asubuhi iliyofuata alimwomba mlinzi wa jengo masanduku mawili. Mlinzi hakuwa nayo. Alikuwa na vikapu viwili vya kubebea matunda ya pichi. Naismith alivipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani iliyozunguka ukumbi, kimoja kila upande. Ukingo huo ulikuwa na urefu wa futi 10 kutoka sakafuni, yaani mita 3 na sentimita 5. Hakuna aliyeupima kwa sababu ya kitaalamu. Ndivyo roshani ilivyojengwa. Urefu huo haujabadilika hadi leo.

Aliandika kanuni 13, katibu wa ofisi akazichapa kwa mashine, na karatasi mbili zikabandikwa ukutani. Kanuni hizo zilikataza kukimbia na mpira, kusukuma, kushika, kumpiga bega mpinzani na kumtega miguu. Aliyerudia kosa alitolewa nje hadi kikapu kingine kipatikane. Mchezo ulipangwa kuwa na vipindi viwili vya dakika 15, na mapumziko ya dakika 5 katikati.

Tarehe 21 Desemba 1891 ndiyo inayokumbukwa kama siku ya mechi ya kwanza. Wanafunzi 18 waligawanywa ekipe mbili za watu 9, wakatumia mpira wa kandanda. Ni kikapu kimoja tu kilichopatikana mchezo mzima, na aliyerusha kutoka mbali alikuwa William Chase. Mpira ulipoingia, ilibidi mtu apande ngazi kuutoa, kwa sababu kikapu kilikuwa na kitako. Hata hivyo darasa lililowashinda walimu wawili halikutaka kutoka ukumbini.

Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alipendekeza mchezo upewe jina la mwalimu. Naismith alicheka na kukataa, kwa maoni kwamba jina kama hilo lingeua mchezo wowote. Mahan akapendekeza jina la vikapu vyenyewe, na ndilo lililobaki.

Wanafunzi wanaubeba mchezo

Basketi ingeweza kufia katika ukumbi ule. Kilichoitoa nje ni aina ya wanafunzi waliokuwemo. Watu wale 18 walikuwa wanasomea kuongoza nyumba za vijana, na kila mmoja alitarajia kwenda mji wake akiwa na ukumbi wa kujaza, wanachama wa kuvuta na majira ya baridi marefu ya kupitisha. Mpira mmoja na vikapu viwili vilitosha. Tarehe 15 Januari 1892, kanuni 13 zilichapishwa katika gazeti la shule, na nyumba za YMCA katika miji mingine zikaanza kucheza.

Tarehe 11 Machi 1892, wanafunzi na walimu walicheza mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza. Wanafunzi walishinda 5 kwa 1, na Stagg ndiye aliyepata kikapu pekee cha walimu. Walimu wa kike wa shule ya jirani, waliokuwa wakipita mchana, waliusikia mchezo, wakapanda roshani kutazama, kisha wakauliza kama wanawake nao wanaweza kucheza. Naismith alikubali bila kusita. Kati ya wanawake waliocheza siku zile alikuwemo Maude Sherman. Walifunga ndoa mwaka wa 1894 na wakapata watoto watano.

Darasani alikuwemo pia Mjapani, Genzaburo Ishikawa, aliyechora picha ya mchezo huo mpya. Wanafunzi wengine na wajumbe wa YMCA waliupeleka mchezo Asia. Tarehe 27 Desemba 1893, mmoja wa wahitimu wa Springfield, Melvin Rideout, aliandaa mjini Paris, barabara ya Trévise, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza barani Ulaya.

Basketi haikuwa mchezo pekee uliotoka mikononi mwa watu wa shule ile. William Morgan, aliyesoma pia Springfield, alipata kazi ya mkurugenzi wa mazoezi huko Holyoke, mji wa jirani. Aliona kwamba wanachama wake wenye umri mkubwa wanachoshwa na mbio za basketi. Mwaka wa 1895 akawatungia mchezo mwingine, ambao leo unaitwa voliboli. Msimamizi wa burudani alitazama watu aliokuwa nao, akauliza wanahitaji nini, akatafuta jibu.

Daktari, mchungaji na mwalimu

Naismith hakubaki Springfield kuvuna sifa. Mwaka wa 1895 alihamia Denver, jimbo la Colorado, kuongoza mazoezi katika YMCA ya mji huo. Wakati huohuo alijiandikisha kusomea udaktari, na akapata shahada mwaka wa 1898. Kwa miaka mitatu alifanya kazi na kusoma pamoja, akiwa na mke na watoto wa kulisha.

Mwaka huohuo wa 1898 Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kilikuwa kinatafuta mtu wa kuongoza ibada za wanafunzi na wakati huohuo kusimamia mazoezi yao. Si rahisi kumpata mtu mmoja mwenye sifa hizo mbili. Stagg alimtaja rafiki yake, na Naismith akaajiriwa. Alikaa Kansas karibu miaka 40, hadi alipostaafu mwaka wa 1937.

Alianzisha ekipe ya basketi na kuiongoza hadi mwaka wa 1907. Hesabu ya mechi zake inashangaza hadi leo: alishinda 55 na kupoteza 60. Katika historia ndefu ya ekipe hiyo, moja ya zenye nguvu zaidi Marekani, yeye aliyeuanzisha mchezo ndiye kocha pekee aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Hakulilia jambo hilo. Kwake basketi ilikuwa ya kuchezwa, na hakuona kwa nini ifundishwe kama vita. Mwanafunzi wake Forrest Allen hakukubaliana naye. Akawa kocha, akaipa Kansas ushindi mwingi, na hadi leo anatajwa kama baba wa ukocha wa basketi.

Naismith mwenyewe alivutiwa zaidi na kazi zisizoonekana magazetini. Aliwapima wanafunzi wapya afya zao, akatunga mazoezi kwa wale wenye miili dhaifu, akafundisha madarasa ya usafi na ya viungo vya mwili. Mwaka wa 1916 aliwekwa rasmi kuwa mchungaji, miaka 26 baada ya kukwepa kanisa, na akawahudumia askari wa Kansas kwenye mpaka wa Mexico. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alikwenda Ufaransa na YMCA, akaacha familia kwa muda wa miezi 19, kuwapangia askari michezo na kuwafundisha kulinda afya zao. Mwaka wa 1925 alipata uraia wa Marekani.

Hakuchukua hati ya kumiliki basketi, na mchezo haukumpa utajiri. Viwanja vilijaa, tiketi ziliuzwa, viwanda vilitengeneza mipira kwa maelfu; mwalimu wa Lawrence aliendelea kuishi kwa mshahara wa mwalimu.

Mwanafunzi aliyekatazwa kucheza

Mwaka wa 1933 alifika Kansas kijana Mweusi aitwaye John McLendon, aliyetaka kusomea elimu ya michezo ili awe kocha. Baba yake alimwelekeza aende moja kwa moja kwa Naismith amwombe awe mshauri wake wa masomo. Naismith alimpokea.

Hapo ndipo ugumu wa wakati ule ulipojitokeza. McLendon aliruhusiwa kusoma basketi darasani na mtu aliyeianzisha, lakini hakuruhusiwa kuichezea ekipe ya chuo, kwa sababu ya rangi yake. Hata bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa kwa wanafunzi Weusi, wakati kuogelea kulikuwa sehemu ya lazima ya masomo yake. McLendon alikataa kupewa alama za bure. Aliogelea, na kwa msimamo wake na msaada wa Naismith mlango wa bwawa ukafunguliwa.

Ekipe yenyewe haikufunguliwa. Naismith alistaafu na kufa kabla mchezaji Mweusi hajavaa jezi ya Kansas. Jambo hilo lilingoja hadi mwaka wa 1951. Mtu aliyetunga mchezo wa kuwapa wote nafasi hakuweza, au hakutosha, kuwapa wote nafasi katika chuo chake mwenyewe.

Lakini aliyoyapanda kwa mwanafunzi wake yaliota. McLendon alipata shahada yake mwaka wa 1936, Mweusi wa kwanza kuhitimu elimu ya michezo Kansas, na Naismith akamsaidia kuendelea na masomo huko Iowa. Mwaka wa 1944, huko Durham, North Carolina, ekipe yake ya wanafunzi Weusi ilicheza kwa siri, milango ikiwa imefungwa, dhidi ya wanafunzi Wazungu wa shule ya udaktari ya Duke, jambo lililokatazwa na desturi za ubaguzi za eneo hilo. Ilishinda 88 kwa 44. Kati ya 1957 na 1959 McLendon alitwaa ubingwa wa vyuo wa NAIA mara tatu mfululizo na chuo cha Tennessee A&I.

Mvua ya Berlin

Mwaka wa 1936, basketi ilikubaliwa kwa mara ya kwanza rasmi katika Michezo ya Olimpiki, mjini Berlin. Naismith, mwenye miaka 74, hakuwa na pesa za safari. Makocha wa Marekani walianzisha mchango, wakitenga kiasi kidogo kutoka tiketi za mechi, na pesa zikapatikana. Maude hakuweza kusafiri kwa sababu ya ugonjwa.

Ekipe 21 zilicheza Berlin. Naismith ndiye aliyefungua mechi ya kwanza, kati ya Estonia na Ufaransa. Kwa mzee aliyekumbuka watu 18 na vikapu viwili vya pichi, kuona bendera zote zile kulimgusa kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Fainali ya tarehe 14 Agosti ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo, chini ya mvua kubwa. Mpira haukudunda katika matope. Marekani iliifunga Kanada 19 kwa 8: nchi aliyoichagua dhidi ya nchi iliyomzaa. Na mchezo aliouumba ili watu wapate kukimbia ndani ya ukumbi wakati wa hali mbaya ya hewa ulipata medali zake za kwanza za Olimpiki uwanjani, watu wakilowa.

Maude alifariki mwaka uliofuata. Naismith alioa tena mwaka wa 1939, na akafariki mjini Lawrence tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 78. Kitabu chake kuhusu asili ya basketi kilichapishwa mwaka wa 1941, yeye hayupo tena.

Kutoka Springfield hadi Kongo

Jumba la heshima la basketi lililoko Springfield linabeba jina lake, na alikuwa kati ya watu wa kwanza kuingizwa humo, mwaka wa 1959. McLendon aliingizwa mwaka wa 1979. Mwaka wa 2015 ikawa zamu ya mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyekwenda Marekani mwaka wa 1987 na nia ya kuwa daktari, akawa mmoja wa walinzi wakubwa wa NBA, kisha akajenga hospitali mjini Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Kabla yake, mwaka wa 1996, wanawake wa Zaire walikuwa wamekwisha kufika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta kwa mchezo huohuo.

Mwezi wa Desemba 2010, karatasi za kanuni 13 ziliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 4. Mnunuzi, aliyesoma Kansas zamani, alizipeleka katika chuo hicho, ambako zimewekwa wazi kwa watu kuzitazama. Shule ya Springfield nayo bado ipo, leo ikiwa chuo kikuu kamili, na hadi sasa inapokea vijana wanaokwenda kusomea usimamizi wa michezo.